Kutoka Karabai hadi Kimulimuli: Taa za Kuongeza na Barabara ya Rondo

Kiswahili kina maneno mawili ambayo ukiyaweka pamoja yanakupa karibu historia yote ya taa za gari. La kwanza ni karabai. Kwetu pwani karabai ni ile taa ya pampu inayonguruma, waliyoifunga wavuvi wa dagaa kwenye mashua usiku wa giza. Lakini hapo awali lilikuwa jina la taa ya kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo ukiyadondoshea maji hutoa gesi ya asetilini. Gesi hiyo ndiyo iliyowaka mbele ya motokaa mwanzoni mwa karne ya 20. Neno la pili ni kimulimuli, mdudu tuliyemkimbiza sote utotoni. Leo kimulimuli ni taa inayowaka na kuzimika juu ya gari la polisi, na siku hizi hata chini ya bampa la Toyota ya jirani yako.

Sisi wapenda fasihi tumezoea kusoma maandishi ya kwenye kioo cha nyuma cha daladala na ubavuni mwa matatu. Wapo walioifanyia utafiti misemo hiyo kama wanavyoyafanyia majina ya kanga. Ila zile taa ambazo mwenye gari amezifunga mwenyewe uani kwake, sijaona anayezisoma. Mimi naona nazo ni maandishi. Kila taa ya kuongeza ni jibu la mtu kwa barabara anayoipita, na ukizipanga kwa miaka unapata habari za barabara hiyo ambazo huzikuti kwenye hotuba za uzinduzi. Nitatumia barabara ninayoijua, ya kupanda Rondo.

Kwa asiyepajua, Rondo ni uwanda wa juu nyuma ya mji wa Lindi. Unaiacha lami ya Lindi na Masasi, unaanza kupanda: kiangazi vumbi, masika utelezi. Watu wa kanisa wanapajua kwa Chuo cha Teolojia cha Mtakatifu Cyprian. Wengine walilisikia jina hili Mei 2023, alipozikwa kijijini kwao Chiponda Bernard Membe, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Watu wa misitu wanapajua kwa mvule, na watu wa wanyama kwa komba, ambaye nitamrudia baadaye.

Tuanze kabla ya gari. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walikuwa wakichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, katika nchi hiihii ya nyuma ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilishuka hadi bandarini juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kila safari. Mwaka 1912, wachimbaji wakiwa katikati ya kazi hiyo, kampuni ya Cadillac huko Marekani ilitoa gari linalowashwa kwa umeme na lenye taa za umeme. Yaani mwaka ambao dereva wa Detroit alianza kuachana na gesi, mizigo ya Lindi ilikuwa bado inatembea. Nalisema mapema kwa sababu mtembea kwa miguu ndiye mwenye barabara hii wa kwanza, na hajaondoka mpaka leo.

Magari yalikuja kwa wingi na karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza ule mradi wake mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu za mradi, pamoja na Kongwa na Urambo. Ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na baadaye kung'olewa. Kilichobaki ni barabara, malori, na vijana waliojifunza ufundi kwenye karakana za mradi. Huku juu Rondo, katika miaka ya 1950, kampuni ya Steel Brothers ilikuwa ikikata mvule na kuupasua. Gogo la mvule si mzigo wa kichwani. Lilihitaji lori, na lori lilihitaji kuona.

Gari dogo la zama zile lilikuwa Land Rover, iliyozinduliwa mwaka 1948. Itazame kwenye picha za kale: taa zake mbili zimekaa karibu karibu katikati, ndani ya grili kati ya madigadi, kama macho ya mtu anayechungulia tundu la mlango. Zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Tatizo halikuwa mahali pa taa tu. Dainamo ya Lucas ya wakati ule ilitoa ampea 22 hivi, tena injini ikiwa na mwendo; gari likisimama na kunguruma polepole, umeme unakaribia kuisha. Hebu tupige hesabu. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 9 na kitu. Ukiziongeza juu ya taa zilizopo, vaipa na umeme wa injini, betri inaanza kulipa deni. Kwa hiyo aliyetaka mwanga zaidi alilazimika kuchagua: spoti moja badala ya mbili, na iwashwe kwenye korongo tu, kisha izimwe. Bajeti ya mwanga ilikuwa ndogo, na dereva aliijua kama mama anavyoijua mafuta ya taa yaliyobaki kwenye kibuyu cha kandili.

Urembo wa taa nyingi tuliupata kwenye picha za Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yake yalikuwa na ngao ya chuma mbele, safu ya spoti juu yake, na mara nyingine taa mbili ndogo zilizopachikwa pembeni karibu na kioo, ili dereva aone mnyama anayetoka vichakani. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo, kisha 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Ukitaka kujua kwa nini mtu mzima mwenye pikapu ya kubebea ufuta anafunga taa nne juu ya keria, anza hapo. Wakati huohuo balbu zenyewe zilikuwa zinabadilika. Halojeni iliingia kwenye magari ya Ulaya mwaka 1962, na balbu ya H4, yenye fulu na dimu ndani ya kioo kimoja, ikafuata mwaka 1971. Hiyo H4 ndiyo balbu ambayo hadi leo muuza spea wa Lindi anakupa bila kuuliza mara mbili.

Kisha ukaja ukame. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni. Balbu, betri na mpira wa vaipa vikawa vitu vya kuagiziwa na mtu mwenye ndugu. Hapo ndipo ufundi wa kujitengenezea ulipokomaa. Taa ya trekta ilihamia kwenye lori. Waya wa redio mbovu ulipata kazi mpya. Kioo kilichopasuka kilizibwa kwa solotepu nyekundu kikaitwa taa ya nyuma, na trafiki akakikubali kwa sababu na yeye alijua dukani hakuna. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, mlango ukafunguka kidogo, na hatimaye magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Kwa bahati Wajapani nao wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo taa zao zimekatwa vizuri: mwanga wa dimu unanyanyuka kidogo kushoto, kwenye ukingo wa barabara, na kumwepuka anayekuja. Gari la Ulaya bara lenye usukani wa kushoto hufanya kinyume. Linammulika usoni.

Kusini tulikaa gizani muda mrefu kuliko wengine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilipita Rufiji kwa kivuko, na mvua ikizidi ulilala ulipo. Hata baada ya daraja, kile kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilichelewa miaka mingi kupata lami. Katika miaka hiyo taa ya kuongeza haikuwa mbwembwe hata kidogo. Ilikuwa kama jembe la akiba. Ulifunga spoti chini kabisa, karibu na bampa, kwa sababu mwanga unaotoka chini unalaza vivuli vya mashimo ukayaona. Ukiwa juu ya keria, mwanga unaingia ndani ya shimo na kulificha. Wazee wa malori walilijua hilo bila kusoma fizikia.

Sasa tumefika kwenye LED. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, akifanya kazi Nichia huko Japani, alifanikiwa kutengeneza LED ya buluu yenye mwanga mkali, na bila buluu hakuna LED nyeupe. Yeye na wenzake Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa mwenye gari maana yake ni moja: ile bajeti ya dainamo imekufa. Mwanga uliokuwa unakula wati 55 sasa unapatikana kwa sehemu ndogo tu ya umeme huo, na bei inashuka kila mwaka. Wavuvi wameziweka karabai zao stoo na kufunga LED za betri. Bodaboda wamefunga. Na mimi nimefunga.

Gari langu ni Toyota ya miaka ya tisini, na kazi niliifanya mwenyewe Jumamosi moja, chini ya mwembe. Haina uchawi. Waya mnene utoke kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri na si karibu na taa, rilei ibebe mzigo ili swichi ya dashibodi isiungue, na waya wa bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Baada ya hapo usiku unaegesha gari mita kadhaa kutoka ukutani, unawasha, unashusha taa mpaka duara la mwanga likae chini ya usawa wa taa zenyewe. Fundi mmoja wa umeme wa magari pale Mtama alipita akaangalia, akacheka. "Kaka, umezishusha sana hizi. Wateja wangu hawataki hivyo. Wao wanataka wakija, ujue wamekuja."

Kauli yake imenikaa, maana ndani yake historia yote imegeuka. Kwa zaidi ya miaka 50 mtu wa barabara hii aliongeza taa ili aone. Siku hizi tunaongeza ili tuonekane. Tunazungushia vimulimuli namba ya gari, tunaweka mkanda wa buluu chini ya dashibodi, tunachomeka balbu ya LED ndani ya kioo kilichochongwa kwa ajili ya waya mwembamba wa halojeni. Hili la mwisho ndilo baya zaidi. Kioo kile kilipimwa kikijua mwanga utatoka nukta gani. Ukibadilisha nukta, mwanga hutawanyika juu, na dimu yako inakuwa fulu ya mwenzako. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, wakati taa nyeupe ya LED haijawahi kuwaka popote. Na hata sheria iwe mpya vipi, askari hakai kila kona ya mlima wa Rondo.

Sizungumzii maudhi tu. Nimewahi kupanda mlima huo saa mbili usiku nyuma ya mtu wa mkaa. Anasukuma baiskeli, magunia matatu, hana hata tochi. Akatokea wa kushuka na safu ya LED juu ya keria. Mimi nilikuwa na kioo, breki na mkanda. Yeye alikuwa na mikono miwili tu, na yote miwili ilikuwa imeshika mzigo. Hakuwa na mkono wa kuzibia macho. Akaenda mtaroni na baiskeli yake. Aliinuka, alhamdulillahi. Aliyeshuka hakusimama, na nadhani hata hakumwona. Mwanga ule wote, na mtu mmoja aliyekuwa barabarani hakuonekana.

Na kuna mwenyeji mwingine. Komba wa Rondo alitambuliwa na wanasayansi miaka ya 1990 tu, akapewa jina la hapa: rondoensis. Ana gramu 60 hivi, mwepesi kuliko yai kubwa la kuku. Anaishi katika misitu michache ya pwani, kama Rondo, Litipo, Pugu na Zaraninge, na zaidi ya mara moja ameorodheshwa kati ya jamii 25 za nyani na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Watafiti humtafuta usiku kwa sauti yake na kwa tochi, kwani macho yake hurudisha mwanga. Kiumbe huyu ametengenezwa kwa giza. Kila msitu ukikatwa kipande, na kila gari likipita na jua lake la bandia, giza lake linapungua.

Sisemi turudi kwenye karabai. Asiyewahi kulala Somanga gari limekwama asitufundishe uzuri wa giza. Ninachosema ni kwamba taa tulizirithi kwa watu waliohesabu kila ampea, waliojua taa iwake lini na izimwe lini. Sasa umeme ni wa bure, hesabu imetutoka. Basi jioni moja, kabla hujapandisha Rondo au kwenda popote, wasimamishe watoto mita 50 mbele ya gari lako, washa dimu, uwaulize kama wanaiona sura yako. Kisha nenda ukasimame wewe hapo walipo.