Hati za Mafunjo na Kitabu cha Ibrahimu

Katika mwaka 1835, huko Kirtland, jimbo la Ohio, Marekani, Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni, na wafuasi wake walinunua maiti 4 za kale za Misri pamoja na hati za mafunjo. Smith alisema mna maneno ya Ibrahimu, na tafsiri yake ikachapwa mwaka 1842.

Baadaye hati hizo zilidhaniwa kuwa zimeteketea katika moto wa Chicago wa 1871. Kumbe vipande vyake vilisalia, na mwaka 1967 makumbusho ya Metropolitan ya New York yakawakabidhi Wamormoni. Wataalamu walipovisoma waliona ni maandiko ya maziko, mengine ya kuhani aitwaye Hor, Ibrahimu hatajwi. Mwaka 2014 kanisa lao lenyewe lilikubali kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na tafsiri.

Watetezi hujibu kwa njia mbili. Wengine husema gombo la Ibrahimu ndilo lililopotea. Wengine, kwamba hati zilimwamsha Smith tu, naye akapokea ufunuo. Jibu la kwanza ni la ushahidi: gombo likionekana, litasomwa. La pili ni la imani, wala mwanachuoni hana mizani ya kulipimia. Basi mtetezi na achague moja, aseme waziwazi asimamapo. Imani ina heshima yake, lakini anenaye kwamba ametafsiri hana budi kuulizwa, “Asili i wapi?”