Nyaya za umeme, minara ya simu na saratani ya damu kwa watoto

LEUKEMIA, yaani saratani ya damu, ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi duniani. Huanzia katika uboho ulio ndani ya mifupa, ambako chembe changa za damu huzaliana bila mpangilio na kuzisonga zile zenye afya. Kwa watoto walio wengi chanzo chake hakijulikani. Ndiyo maana wazazi wanaoishi karibu na nyaya za umeme wa msongo mkubwa au minara ya simu huuliza iwapo jirani huyo ni hatari.

Kwanza, mionzi haifanani. Ile ya mabomu ya nyuklia na ya eksirei ina nguvu ya kuvunja vinasaba, na leukemia iliongezeka miongoni mwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki, miji ya Japan iliyopigwa mabomu mwaka 1945. Nguvu ya sumaku inayozunguka nyaya za umeme, pamoja na mawimbi ya simu, haina uwezo huo. Hata hivyo, kukosa uwezo huo hakukutosha kufunga mjadala.

Mjadala ulianza mwaka 1979, pale Nancy Wertheimer na Ed Leeper walipochapisha utafiti kutoka Denver, Marekani. Walibaini kuwa watoto waliofariki kwa saratani walikuwa wameishi zaidi katika nyumba zilizo karibu na nyaya zenye kupitisha umeme mwingi. Watafiti hao hawakupima nguvu ya sumaku ndani ya nyumba. Waliikadiria kwa kutazama nyaya za nje.

Tafiti nyingi zilifuata. Mwaka 2000, wataalamu wakiongozwa na Anders Ahlbom wa Sweden waliunganisha takwimu za tafiti tisa, zenye watoto 3,247 wenye leukemia. Katika nyumba zenye wastani wa mikrotesla 0.4 au zaidi, uwezekano wa ugonjwa ulikuwa takriban mara mbili. Lakini nyumba za namna hiyo zilikuwa chache mno, kwani zaidi ya asilimia 99 ya watoto waliishi chini ya kiwango hicho.

Kutokana na ushahidi huo, mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilichapisha uamuzi wa kuiweka nguvu hiyo ya sumaku katika kundi la 2B, la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Mawimbi ya simu yaliingizwa katika kundi hilo mwaka 2011. Kundi hilo hueleza uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Humo imo pia dondoo ya jani zima la mshubiri.

Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa watoto waliozaliwa ndani ya mita 200 kutoka nyaya za msongo mkubwa walikuwa na uwezekano wa leukemia uliozidi kwa asilimia 69. Ajabu ni kwamba ongezeko dogo lilionekana hadi mita 600, umbali ambao nguvu ya sumaku ya nyaya hizo huwa karibu imetoweka. Takwimu zilizoongezwa mwaka 2014 zilionyesha kuwa ongezeko hilo lilififia mwongo hadi mwongo, na tangu miaka ya 1980 halikuonekana tena. Kama nyaya zenyewe zingekuwa chanzo, madhara yasingetoweka ilhali umeme ungali unapita.

Kuhusu minara ya simu, utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2010 uliwalinganisha watoto 1,397 wenye saratani na wenzao 5,588 wasio nayo. Haukuona uhusiano wowote kati ya ugonjwa na mama kuishi karibu na mnara wakati wa ujauzito.

Umeme wa Kenya na Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na wa Uingereza, hivyo matokeo hayo yana maana hapa pia. Nguvu ya sumaku hupungua upesi kadiri mtu anavyosogea mbali na waya. Kutojenga chini ya nyaya za msongo mkubwa ni busara, hasa kwa sababu ya hatari ya kupigwa na umeme.

Hatari iliyo dhahiri ni kuchelewa hospitalini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona katika nchi tajiri, lakini katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati hupona chini ya asilimia 30. Miongoni mwa sababu ni ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa na matibabu kukatizwa njiani.

Dalili za leukemia ni homa isiyokwisha, weupe wa viganja na midomo, michubuko isiyo na sababu, kutokwa damu puani au kwenye fizi, maumivu ya mifupa, na kuvimba tezi au tumbo. Baadhi yake hufanana na za malaria. Mtoto aliyetibiwa malaria bila kupata nafuu anapaswa kurudishwa hospitalini na kupimwa damu kikamilifu, awe anaishi karibu na mnara au mbali nao.