Siku ya mwisho ya njia ya Ujiji

Katika yubile hii tuikumbuke njia iliyotuletea imani. Mwezi wa sita 1878 Mapadri Weupe kumi waliondoka Bagamoyo kwa miguu, pamoja na mamia ya wapagazi. Padri Pascal, mkuu wa wale waliotumwa Tanganyika, alifariki njiani mwezi wa nane. Huko Tabora msafara uligawanyika: wengine walishika njia ya Uganda, Padri Deniaud na wenzake wakaelekea magharibi.

Mwezi wa kwanza 1879, baada ya kilometa zipatazo 1,200, waliingia Ujiji, na ziwa likawa mbele yao. Siku hiyo mpagazi alitua mzigo wake, kazi yake ikaisha. Walio wengi hatuyajui majina yao. Lakini vyombo vya Misa vilifika kwa mabega yao.

Kwa mapadri, mwisho wa njia ulikuwa mwanzo wa kazi. Mwaka 1880 walivuka ziwa, wakaanzisha misioni ya Mulweva, upande wetu wa Kongo. Padri Deniaud aliuawa Rumonge mwaka 1881.

Basi, tunapowaombea wamisionari wetu marehemu, tusiwasahau wapagazi. Nao pia walituletea Habari Njema.