Brahmavihara

Brahmavihara ni hali nne za moyo ambazo Ubudha humfundisha mtu kuzikuza: metta, kumtakia heri kila kiumbe, karuna, huruma kwa anayeteseka, mudita, kufurahia neema ya mwenzako, na upekkha, utulivu usioyumbishwa na sifa wala lawama. Zimo katika mahubiri ya Budha, ila ufafanuzi mpana zaidi ni wa mtawa Buddhaghosa, aliyeandika kitabu cha Visuddhimagga huko Anuradhapura, Sri Lanka, katika karne ya 5 BK.

Buddhaghosa anasema kila hali ina adui wa mbali na adui wa karibu. Wa mbali hajifichi: chuki hupingana na metta, ukatili hupingana na karuna. Wa karibu ni mjanja, maana hufanana na kile anachokiharibu. Mapenzi ya tamaa hujifanya metta. Majonzi hujifanya karuna, hadi aliyekwenda kumfariji mgonjwa anahitaji kufarijiwa yeye. Kutojali hujifanya upekkha, na hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kukomaa ni moyo kufa ganzi. Kitabu kinatoa mfano wa mama mwenye wana wanne: mchanga anamwombea akue, mgonjwa apone, kijana aliyechanua adumu katika uzuri wake, wa nne, anayejitegemea, hamhangaikii. Huyo wa nne bado ni mwanawe.

Zoezi la metta huanzia kwa nafsi yako, kisha mtu unayempenda na kumheshimu, kisha usiyempenda wala kumchukia, mwishoni adui. Hasira ikiamka kwa huyo wa mwisho, Buddhaghosa ana dawa nyingi. Kumbuka jema lake hata likiwa moja. Jiulize unakasirikia nini hasa: nywele zake, kucha, au mifupa? Zote zikishindwa, mpe zawadi, au pokea yake. Ushauri usio na falsafa yoyote, na pengine ndio unaofanya kazi kuliko yote.

Kipimo cha Buddhaghosa cha metta iliyokamilika ni kikali. Majambazi wanakukuta umeketi na rafiki, mtu baki na adui yako, wanataka mmoja wa kuchinja. Ukimtoa adui, hujafika. Ukijitoa mwenyewe kuwaokoa wale watatu, bado hujafika, kwa kuwa nafsi yako nayo umeibagua. Aliyevunja mipaka kati ya nafsi yake na wengine haoni hata mmoja wa kutoa.

Upekkha huja mwisho, baada ya mtu kuzizoea zile tatu katika taamuli ya kina, na hutegemea kutambua kwamba kila kiumbe ni mrithi wa matendo yake. Mtawa Nyanaponika, mzaliwa wa Ujerumani (1901–1994) aliyeishi Sri Lanka miaka mingi, aliandika insha mashuhuri juu ya hali hizi. Kwake upekkha huzipa zile tatu uthabiti na subira, nazo huizuia isigeuke ubaridi.