Malezi ya awali (Kariakoo, Dar es Salaam)

Malezi ya awali ni matunzo anayopata mtoto tangu mimba hadi umri wa miaka 8. Ubongo hukua kwa kasi zaidi katika miaka 3 ya mwanzo. Lishe, mazungumzo, michezo na mlezi wa kuaminika hujenga lugha na utulivu wa moyo. Njaa, vipigo na kutelekezwa vikidumu huongeza uwezekano wa sonona na wasiwasi ukubwani. Hata hivyo, mlezi mmoja thabiti hupunguza madhara hayo.

Kariakoo, wilayani Ilala, baadhi ya akina mama wachuuzi hukaa na wachanga wao kando ya biashara, au huwaacha kwa bibi, jirani au dada wa kazi. Kwa watoto wanaoishi mitaani jijini, Kituo cha Dogodogo kilianzishwa mwaka 1992.

Nchini Tanzania kwa ujumla, utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ilitungwa mwaka huohuo. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto.