Makasri ya Mpakani: Bonde la Jelenia Góra kabla na baada ya 1945

Chini ya milima ya Karkonosze, kusini-magharibi mwa Poland karibu na mpaka wa Cheki, yamesimama makasri ya mashambani yaliyobadili wenyewe zaidi ya mara moja. Katika karne ya 19, familia ya kifalme ya Prussia ililifanya Bonde la Jelenia Góra kuwa mahali pake pa kupumzikia. Mwanamfalme Wilhelm alinunua kasri la Karpniki mwaka 1822. Kaka yake, Mfalme Friedrich Wilhelm III, akajipatia lile la Mysłakowice, kisha mwaka 1839 akamnunulia binti yake Luise la Wojanów.

Baada ya vita, mwaka 1945, eneo hilo lilitwaliwa na Poland na Wajerumani wakafukuzwa. Miongoni mwa waliohamia walikuwamo Wapoland waliopoteza makwao mashariki, katika ardhi iliyochukuliwa na Umoja wa Kisovieti. Hawakuwa na sababu ya kuyaonea uchungu makasri ya mabwana wa jana. Serikali iliyataifisha. La Wojanów lilitumiwa na shamba la serikali, baadaye likaachwa tupu, likaungua mwaka 2002, ndipo likakarabatiwa kuwa hoteli.

Ni rahisi kuulaumu ukomunisti kwa uharibifu wote. Lakini kasri la Mysłakowice nalo lilikuwa mikononi mwa serikali hiyohiyo, ila lilipewa kazi: lilifanywa shule. Mwaka 2011, makasri na bustani za bonde hilo yalipotangazwa rasmi kuwa Kumbukumbu ya Historia ya taifa, wanafunzi walikuwa wangali wakisomea humo.