Bugobogobo

Bugobogobo ni ngoma ya jembe ya Wasukuma, ambao huishi hasa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita nchini Tanzania.

Asili yake ni kilimo cha pamoja. Wakati wa masika kazi ya shamba huwa nzito, na mara nyingi akiba ya chakula imepungua. Wakulima hujipanga mstari na kuinua majembe kwa pamoja wakifuata mdundo wa ngoma na nyimbo. Kwa njia hiyo anayechoka huvutwa na mwendo wa wenzake.

Baada ya mavuno, kiangazi kikianza mnamo Juni, ngoma huhamia uwanjani. Wachezaji huonyesha ustadi kwa majembe yaleyale, na makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji.